Meya Kashuka na Mto kwa Baiskeli

Brantôme, 11 Aprili 2010

Dada Huguette,

Barua hii ikukute goti lako limetulia, kuku wanataga, na Shangazi Berthe bado anawatukana wauguzi wake, maana siku akiacha kuwatukana ndiyo siku ya kumwita padri. Mimi mzima. Tena mzima wa kupindukia. Mwanamume wa miaka sitini na sita, baiskeli ya chuma, mizigo mbele na nyuma, nimevikata vilima vyote vya kwetu bila kushuka. Haya, nilishuka mara moja, lakini ilikuwa kumpisha ng'ombe, na ng'ombe mwenyewe alikuwa mkubwa kuliko diwani yeyote wa Chantegrolle.

Usiseme nimeondoka bila kuaga. Niliwaaga kuku. Wewe ulikuwa umelala, na mtu wa umri wako haamshwi kwa habari ya baiskeli.

Basi sikiliza mpango. Nashuka na mto Dronne, kutoka kwetu mpaka kule Coutras unakomezwa na mto Isle. Wiki moja, ukiongeza na siku za kula vizuri. Mimi niliyepeleka lori Tehran kwenye theluji, niliyekunywa chai na askari wa forodha wa Bulgaria mpaka wakanipitisha bila kufungua turubai, nishindwe na kijito cha bata? Leo nimepita chini ya miamba, maji ya kijani upande mmoja, mashamba ya jozi upande wa pili, na Waingereza kwenye mitumbwi ya plastiki wakinipungia mikono kama malkia wao. Nikawapungia kimeya.

Simu usinipigie. Iko kwenye droo ya ofisi pamoja na muhuri. Meya akiwa hayupo naibu wake ndiye meya, sheria ya Ufaransa inasema hivyo, na naibu ni wewe, kwa hiyo piga mihuri mpaka mkono uvimbe. Ukitaka kuniandikia, andika jina langu na Posta ya Bourdeilles, watanitunzia.

Habari za kuku nitazipenda. Habari za mtaro wa Bwana Chastaing na jirani yake, kaa nazo. Na la Mauricette usiliguse.

Mdogo wako anayekupenda,
Anicet


Chantegrolle, 20 Aprili 2010

Mdogo wangu Anicet,

Salamu zako nimezipata. Goti haliko sawa, lakini ni goti langu, limenizoea. Kuku wanane wazima, wa tisa kachukuliwa na mbweha. Shangazi Berthe kauliza uko wapi. Nimemwambia uko kwenye mkutano wa mameya. Akasema, "Mkutano wa kuvaa kaptura?" Kumbe alikuona kutoka dirishani unapita.

Umeniambia nisiliguse la Mauricette. Nitaligusa, kwa sababu kijiji kizima kinaligusa, na mtu pekee asiyeligusa ni wewe.

Najua kwa nini umeondoka. Hukuondoka kwa ajili ya mto. Ile asubuhi ya Machi, Ludovic wa Mauricette alipoanguka na pikipiki kwenye kona ya daraja, askari walikupigia wewe, kama kawaida, kwamba meya atangulie kwa mama mtu kwa sababu meya ndiye anayejulikana mlangoni. Ukavaa koti lako jeusi. Koti hilohilo ulilovaa mwaka jana siku ya wajinga, ulipokwenda kwa Mauricette na uso wa msiba kumwambia serikali imeamuru kila bata bukini awe na pasipoti, na yeye akawapanga bata wake uani tayari kwa kupigwa picha. Tulicheka mwaka mzima. Yeye alicheka kuliko sote.

Kwa hiyo ulipobisha, akafungua, akaona koti, akaanza kucheka kabla hujasema neno. Ukasema neno. Akazidi kucheka. Akakuambia, "Anicet, huu sasa ni utani mbaya, nenda zako," akakufungia mlango. Ukabaki umesimama pale kizingitini mpaka gari la askari likaja, naye akaziona kofia zao kupitia kioo.

Hukufanya kosa, mdogo wangu. Ulitumwa, ukaenda. Lakini tangu siku ile hujapita barabara yake, kwenye mazishi ulisimama nyuma ya ukuta, na sasa umepanda baiskeli.

Mauricette amekuja ofisini mara mbili. Anakuuliza wewe. Mimi namwambia utarudi Jumapili. Sasa niambie Jumapili ipi.

Dada yako,
Huguette


Njiani kuelekea Ribérac, 16 Mei 2010

Dada mpendwa,

Pole kwa kuku wa tisa. Kama ni yule mwekundu, mbweha kapata hasara, alikuwa mfupa mtupu.

Barua yako nimeisoma mpaka salamu za Shangazi zilipoisha. Kuanzia hapo jua lilikuwa kali, macho yakaniuma.

Acha nikupe habari za dunia. Bonde huku linafunguka, dada. Barabara ni nyembamba, lami imekwaruzwa na matrekta, unapita katikati ya mahindi machanga huku ile mitambo ya kumwagilia inakulowesha mgongo ukipenda usipende. Nimeshindana na kundi la wastaafu kutoka Angoulême, wamevaa nguo za rangi kama pipi, baiskeli zao nyepesi unaweza kuzibeba kwa kidole. Kiongozi wao akaniuliza, "Mzee, hiyo baiskeli au lango la shamba?" Nikamwambia, "Kijana, hili lango limeona vilima wewe ungali kwenye nepi." Nikawapita wote. Ni kweli walikuwa wamesimama kula sandwichi, lakini kupita ni kupita.

Kisha tairi la nyuma likapasuka. Unajua magurudumu yangu ni ya kile kipimo cha zamani, cha baiskeli za safari za kwetu, ambacho vijana wa madukani wakikisikia wanakuangalia kama umeomba kwato za farasi. Bahati nikampata fundi mmoja, Raymond, mzee wa rika lako, ana matairi ya namna hiyo yamening'inia kwenye banda lake kama soseji. Kaniwekea jipya, kisha kanikalisha mezani. Tukala supu ya vitunguu saumu, na supu ilipobaki kidogo chini tukaimiminia divai nyekundu, tukainua bakuli kwa mikono miwili, tukanywa kama Baba alivyokuwa akinywa, masharubu ndani. Mkewe akasema sisi ni nguruwe. Tukakubali.

Niko mbioni kuingia Ribérac. Niandikie Posta ya Ribérac. Baada ya hapo Aubeterre, kisha Coutras, kisha nitaona.

Magoti yangu mawili hayana neno. Nalala vizuri.

Anicet


Chantegrolle, 14 Juni 2010

Anicet,

Kuku wazima. Shangazi mzima. Mimi nimechoka.

Nilikuandikia Ribérac mwishoni mwa Mei. Barua imerudi jana. Wamebandika karatasi kwamba mwenyewe hakuja kuichukua. Nikajisemea, labda amewahi kupita. Leo asubuhi Gilles wa gari la mkate ananipa mkate wangu, ananiambia, "Nilimwona meya wetu Lisle, amekaa kwenye ukingo wa daraja anawatupia samaki mkate. Mkate wenyewe wa juzi, mgumu, si wangu." Nikamuuliza lini. Akasema kila mara anapopita huko.

Lisle! Mdogo wangu, kutoka kwetu mpaka Lisle mtu anakwenda kwa baiskeli asubuhi na kurudi kula chakula cha mchana. Watoto wa shule wanakwenda. Mto wote mpaka Coutras ni safari ya siku tatu kwa mtu mvivu. Wewe uko huko tangu Aprili, na unaniandikia "niko mbioni".

Sikukasirikii. Nataka tu ujue ninayoyafanya huku wakati wewe unalisha samaki. Nimefungisha ndoa ya yule binti wa kinu na Mbelgiji wake, nimevaa ule mshipi wako wa umeya wenye rangi za bendera, unanifika magotini. Nimekwenda kutazama mtaro wa Chastaing mara nne. Yule bwana aliyehamia kutoka Paris amepeleka malalamiko kuhusu jogoo. Nimemwambia jogoo alizaliwa hapa, yeye je? Hilo ningependa ungekuwepo ulisikie. Ule mlingoti wa msonobari waliokusimikia mbele ya nyumba siku uliposhinda uchaguzi, wenye bendera na kibao cha heshima, bado umesimama. Bendera zimepauka. Najua ni Ludovic aliyeukata msituni na kuusimamisha. Najua ukifungua dirisha ndio unaouona kwanza. Lakini desturi ni desturi, mlingoti haung'olewi, unaoza wenyewe, na mimi siwezi kukusaidia kwa hilo.

Mauricette amekuja tena. Sasa anakuja kila Jumanne, anaketi kwenye benchi la ofisi, koti limefungwa vifungo vyote, anaondoka. Anakutaka. Ameniambia anachokitaka, lakini kaniapisha nisikuandikie, kwamba ni neno la kuambiwa mtu akiwa mbele yako.

Njoo nyumbani.

Huguette


Lisle, 9 Julai 2010

Dada yangu,

Shikamoo, maana leo nakusalimia kwa unyenyekevu, umenikamata.

Niko Lisle. Ni kweli. Raymond na supu yake ni wa hapahapa Lisle. Wale wastaafu nilikutana nao hapahapa, kwenye kibanda cha aiskrimu. Gilles naye atakuwa na la kumjibu Mungu siku ya mwisho, mwuza mkate hatakiwi kuwa na macho.

Nakaa kwenye uwanja wa mahema kando ya mto, chini ya miti mirefu, mahali pa bei ndogo karibu na vyoo. Msimamizi ni mjane anaitwa Paulette, sauti kama honi ya lori langu la zamani. Nitakuambia ninavyoishi, nawe usicheke. Kila asubuhi nakunja hema. Nafunga mizigo yote, mbele na nyuma. Napima upepo wa matairi, napaka mnyororo mafuta, namuaga Paulette, naye anasema, "Haya, Bwana Tehran, safari njema." Napiga pedali mpaka darajani. Pale darajani, dada, njia ni mbili tu. Kushuka na mto ni Ribérac. Kupanda ni nyumbani. Nateremka, naiegemeza baiskeli kwenye mawe, natazama maji. Nikisema niende Ribérac, miguu inaniambia, huko nako kuna nini? Nikisema nirudi nyumbani, nauona mlango wa Mauricette. Nakaa mpaka kengele ya kanisa ya mchana, maduka yanafunga, narudi na mizigo yangu, nasimika hema palepale, nyasi hazijapata hata muda wa kusimama. Paulette anapiga kelele kutoka ofisini kwake, "Umerudi, Bwana Tehran? Tehran imefungwa leo?" Wageni wote wanacheka. Nami nacheka. Hiyo ndiyo kazi yangu, kuchekesha.

Nimevuka Uturuki na injini mbovu. Nimelala kwenye foleni mpakani siku nyingi na mkate mkavu peke yake kwenye sanduku. Sikuwahi kuchoka hivi. Huu si uchovu wa miguu, miguu yangu ni ya chuma, Raymond mwenyewe kanipigia saluti. Ni uchovu wa mdomo. Nikifungua mdomo kusema jambo la kweli, uso wangu unafanya utani wenyewe, sijui kuuzuia. Uso huu umenilisha miaka arobaini. Umenipitisha forodhani, umenipa kura. Siku moja tu niliuhitaji uniache, ukakataa. Mauricette alicheka, Huguette. Alicheka kwa furaha.

Niambie Mauricette anataka nini. Akitaka kunitemea mate, namwelewa, lakini nataka kujua niandae shavu lipi. Akitaka nijiuzulu, nimeshafikiria kumwandikia mkuu wa mkoa. Wewe uliyeapishwa naomba uape kinyume chake.

Mimi,
Anicet


Chantegrolle, 2 Agosti 2010

Mdogo wangu,

Huku joto limeua bustani, nyanya zimeiva zikapasukia shinani. Kuku wamegoma kutaga. Shangazi Berthe anakusalimu, anasema ukirudi umletee sabuni ya mrujuani, kwa sababu mameya wote wakirudi mkutanoni huleta kitu.

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, kisha nikakaa nikaisoma tena. Jumanne nikamwambia Mauricette, "Mwenzangu, nimechoka kukaa na siri yako, naomba unifungulie." Akakubali, lakini kasema nikuandikie maneno yake kama alivyoyasema, nisiyapambe. Basi haya.

Nilimuuliza, "Unamkasirikia?"

Akasema, "Nimkasirikie kwa lipi? Huyo mpumbavu alikuja. Wengine walituma maua."

"Sasa unamtakia nini?"

Akafungua kifungo cha juu cha koti, akakifunga tena. Akasema, "Huguette, mimi sijaambiwa. Yeye aliniambia mimi nikicheka, kwa hiyo sikusikia. Askari nao walipokuja waliniona nimeanguka, wakadhani ninajua, wakaanza kunipa maji. Padri alianza na pole. Wewe ulianza na pole. Kila mtu kaanzia katikati. Hakuna aliyenitazama machoni akaniambia kwamba mwanangu amekufa. Asubuhi nikiamka, namsikia Anicet mlangoni, nasikia utani, nangoja mwisho wake. Utani una mwisho, sivyo? Mpaka leo nangoja mwisho wake. Aje amalize."

Nikamwambia, "Nikuambie mimi?"

Akanitazama kama mtu anayetazama mvua isiyo ya shamba lake. "Wewe si meya. Na wewe sikukucheka. Aje yeye yule, mlango uleule, aniambie, na mimi safari hii nitasikia."

Ndivyo alivyosema. Anataka uje umwambie, basi. Hataki shavu lako.

Sasa na mimi niseme langu, kwa kuwa mwaka huu kila mtu anasema lake. Wewe umekimbilia mto, mimi nimebaki na kila kitu kilichodondoka mfukoni mwako. Mkutano wa maji, mkutano wa basi la shule, mbwa aliyekufa barabarani, taa ya kanisa. Watu wananipigia simu nikiwa bafuni. Nina miaka sabini, Anicet. Mume wangu alipokufa sikupata hata mwezi mmoja wa kukaa kimya, kwa sababu wewe uligombea umeya na ulihitaji mtu wa kukuandikia hotuba. Sikulaumu, nilikubali mwenyewe, na hotuba zilikuwa nzuri. Lakini mimi pia najua kupanda baiskeli. Mimi ndiye niliyekufundisha, kwenye njia ya kinu, nimeshika kiti chako kwa nyuma.

Ukija, njoo kwa kukaa.

Huguette


Lisle, 30 Agosti 2010
(nyuma ya kadi yenye picha ya daraja)

Dada, kuku na Shangazi nawasalimu. Sabuni nimenunua. Nimekaa na maneno yako wiki hizi zote. Nimeyajaribu darajani mbele ya maji, uso ukacheza. Nimeyajaribu mbele ya Raymond, akadhani namtania, akacheka, nikarudi hemani nikalala mchana kutwa. Jana nikamwambia Paulette kisa chote. Hakucheka. Akasema, "Bwana Tehran, usijifunze cha kusema. Nenda tu umechoka hivyohivyo. Aliyechoka hana nguvu ya kuchekesha." Nakuja Alhamisi. Usije kunipokea barabarani. Nitaanzia kwake. — A.


Chantegrolle, 26 Septemba 2010

Dada Huguette, msafiri wa Dronne,

Natumaini kadi yangu ya kwanza ilikukuta Ribérac, na hii itakukuta posta ya Aubeterre, goti likiwa limepona kwa kazi, kama daktari alivyokataa kusema. Huku kuku sita wanataga, wawili wanatafakari. Shangazi Berthe anaiweka sabuni chini ya mto wake wa kulalia, hataki mtu aiogee. Kila siku ananiuliza uko wapi, namwambia uko kwenye mkutano wa manaibu. Anasema, "Nchi hii ina mikutano!"

Umenizidi. Nakubali kwa maandishi, uitunze. Uliondoka asubuhi na baiskeli yangu ya kijani, kiti umekishusha, gia hujui kubadilisha, na jioni ya pili ulikuwa umeshapita Lisle bila kugeuka. Paulette kanitumia salamu, anasema dada wa Bwana Tehran alisimama kunywa maji tu, akauliza njia, akaenda. Wala hukukaa darajani. Mimi nimeendesha lori nusu ya dunia, lakini Ribérac bado sijaiona. Nieleze ikoje.

Uliponipa ufunguo wa ofisi siku ile ulikuwa na haraka ya kupanda baiskeli, hukuniuliza ilikuwaje kwa Mauricette. Na mimi sikuweza kusema. Kwenye kadi niliandika "nimemwambia", nikaishia hapo. Sasa nitakuandikia, kisha nisiulizwe tena.

Nilifika Alhamisi kabla ya mchana. Nilikuwa na kaptura, soksi moja imeshuka, jasho limenikaukia usoni likawa chumvi. Koti jeusi sikuwa nalo, na hata ningekuwa nalo nisingelivaa. Nikaiegemeza baiskeli kwenye ukuta wake, nikabisha.

Akafungua. Akanitazama kuanzia viatu kupanda.

"Umekuja na suruali ya mtoto wa shule," akasema.

Nilikuwa na jibu, dada. Zuri tu, lilikuwa limeshafika kwenye meno. Nikalimeza. Sijawahi kumeza kitu kigumu hivyo.

Nikasema, "Mauricette, keti."

"Siketi. Sema."

Nikamwambia, "Mauricette, Ludovic amekufa. Ameanguka na pikipiki kwenye kona ya daraja, asubuhi. Amekufa palepale. Nimekuja kukuambia."

Bata wake walikuwa wanapiga kelele uani, nikatamani wanyamaze, wakazidi. Uso wangu sijui ulikuwaje. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba sikuwa na habari nao.

"Sema tena," akasema.

Nikasema tena, maneno yaleyale.

"Aliumia?"

"Askari walisema hapana."

"Unanitania?"

"Hapana, Mauricette."

Akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyepewa njia ya kwenda mahali. Kisha akaniacha pale mlangoni, akaingia sebuleni, akafungua dirisha la barabarani, akavuta zile mbao zake mbili na kuzifunga. Wewe unajua watu walivyosema tangu Machi, kwamba nyumba ya msiba, ambayo kwetu hufungwa madirisha, imeachwa wazi kama nyumba ya harusi, kwamba mwanamke huyu hana uchungu. Akafunga la jikoni. Sebule ikawa giza, mchana kweupe. Nikamsikia anapanda ngazi. Kidogo akaniita kutoka juu, "Anicet! Hili la chumba chake limekwama, bawaba zina kutu. Njoo."

Nikapanda. Kile chumba sitakueleza. Tukashika ubao mmoja mmoja, mimi huu, yeye ule, tukavuta. Ukakwaruza, ukakubali. Akasukuma komeo. Ndipo akakaa kitandani akalia, dada, kilio kilichongoja tangu Machi, na mimi nikakaa sakafuni, mgongo ukutani, kwa sababu kiti kilikuwa na nguo za mwenyewe. Sikusema pole. Alikuwa ameshaambiwa pole na wengi.

Baadaye akaniambia niende, ana kazi ya kuchora machozi ya masizi mlangoni kama mabibi wa zamani walivyofanya kwenye msiba, akasema hivyo yeye mwenyewe, utani wake si mzuri kama wangu, lakini sikumwambia. Jumanne iliyofuata hakuja kwenye benchi la ofisi. Wala Jumanne hii.

Mimi nipo. Nachoka. Usiku silali sana na mchana nasinzia kwenye mkutano wa maji, madiwani wanadhani ninatafakari. Leo asubuhi Chastaing na jirani yake walikuwa wananingoja, wamekunja mikono, kila mmoja na ufito wa kupimia mtaro. Nikawaambia waingie mmoja mmoja. Wakakataa, wakaingia wote wawili. Nikafunga mlango, nikaketi, nikawasikiliza mpaka mwisho.

Usiharakishe kurudi. Ukifika Coutras, mahali mto wetu unapoingia kwenye ule mwingine, kaa kidogo uangalie, kisha uniandikie.

Mdogo wako,
Anicet